Kiti cha gari kikicheza, usikaze boliti: angalia hesi kwanza

Na Mwandishi Wetu, Reading, Uingereza

Jumamosi moja mwezi wa Novemba nilikuwa narudi Reading kutoka Slough, binti yangu wa miaka tisa amekaa nyuma yangu. Gari ni Ford Escort ya mwaka 1972, zile za umbo la kwanza zenye milango miwili. Tulipokaribia mzunguko, lori la mbele likasimama ghafla. Nikakanyaga breki. Gari likasimama vizuri tu, lakini kiti changu hakikusimama. Kilinyanyuka kwa nyuma kama kiti cha kinyozi, nikaegemea usukani kwa kifua, mkanda ukanidaka begani. Halafu kikaanguka tena nyuma kwa kishindo, mguu wangu wa kushoto ukaachia klachi, gari likaruka mbele kidogo na kuzima. Kati yetu na bampa ya lori palibaki kama futi mbili.

"Baba, kiti chako kimenigonga magoti," binti akasema. Hakulia. Ningefurahi zaidi kama angelia, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa natetemeka.

Ndugu msomaji, naandika haya kwa sababu nafahamu wengi wetu huku ughaibuni tumeingia katika ugonjwa huu wa magari ya zamani. Mtu anabeba boksi wiki nzima, siku ya mapumziko analala chini ya gari. Na ndugu zetu nyumbani hawana habari ya "klasiki", wao Peugeot 504 na Land Rover za zamani ni kitendea kazi cha kila siku. Sote tunaangalia injini, tunaangalia breki, tunaangalia rangi. Boliti nne zinazoshika kiti hakuna anayezitazama mpaka siku ya siku.

Nilipofika nyumbani nilitoa zulia. Boliti mbili za mbele zilikuwa nzima. Ya nyuma kulia niliitoa kwa vidole, bila spana. Ilikuja na unga wa kijivu umegandamana nayo. Ya nyuma kushoto ilikuwa inazunguka tu, haikazi wala haifunguki.

Hapo ndipo nikakumbuka. Miezi sita kabla nilipeleka gari gereji fulani, sitaitaja, nikawaambia kiti kinacheza kidogo. Walinitoza paundi 60 wakaniambia kimekaa sawa. Kumbe walichofanya ni kujaza tundu lile gundi ngumu ya kuziba mabonde ya bodi, wakasukuma boliti ndani kabla haijakauka. Ukiivuta kwa mkono inaonekana imeshika. Ukifunga breki na mtu wa kilo 85 juu yake, hayo niliyoyasimulia.

Nikampigia simu mzee mmoja wa Mombasa anayekaa mtaa wa pili. Alifanya kazi karakana za bandarini Kilindini enzi za ujana wake kabla ya kuja huku. Alikuja na kofia yake na tochi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nionyeshe."

Akapiga magoti, akamulika tundu, akachukua ule unga akausugua kati ya vidole viwili. Alinyamaza muda mrefu kidogo.

"Huyu alokufanyia hivi," akasema, "hakukosea. Alijua."

Kuna jambo moja la hapa Uingereza ambalo lazima nilieleze. Tangu Mei 2018, gari lililotimiza miaka 40 na ambalo halijabadilishwa sana halilazimiki tena kupelekwa kwenye ukaguzi wa kila mwaka, ule unaoitwa MOT. Wenye magari ya zamani tulishangilia, gharama imepungua. Lakini ukaguzi ule ulikuwa pia unaangalia kama kiti kimefungwa barabara. Sheria bado inadai gari liwe salama barabarani, ila anayelikagua sasa ni mwenyewe. Unaweza kulipeleka kwa hiari, na mimi siku hizi nalipeleka, lakini mwaka ule nilikuwa nimejiona mjanja.

Sasa tuingie kwenye chuma chenyewe. Katika magari mengi ya miaka ile, reli za kiti zinafungwa kwa boliti zinazopita kwenye sakafu na kuingia kwenye nati iliyochomelewa upande wa chini, au ndani ya boksi la chuma linalokatiza sakafu. Nati hiyo huioni na huwezi kuishika kwa spana. Ndani yake ndimo kuna zile nyuzi zinazozunguka, wazee wa pwani huziita hesi. Hesi zikiliwa, boliti haina pa kushika. Na ule mchomeleo mdogo unaoishika nati ukikatika, nati inazunguka pamoja na boliti, ndiyo hali ya ile ya kushoto.

Kinachoziua ni vitu vitatu, na mara nyingi vinakuja pamoja. Cha kwanza ni kutu. Mpira wa kioo cha mbele ukizeeka, maji yanapenya yanakaa chini ya zulia, na huwezi kujua maana zulia la juu ni kavu. Kwa chini nako, barabara za huku zinamwagiwa chumvi wakati wa baridi ili barafu iyeyuke. Mtu wa Tanga au Zanzibar anajua chumvi ya bahari inafanya nini kwa chuma. Huku inamwagwa kwa malori.

Cha pili ni nguvu za mtu. Fundi anaona boliti imeshika kutu, anachukua spana ndefu anavuta.

Cha tatu ndicho kinachonikera zaidi, nacho ni boliti isiyo yake. Magari mengi ya Kiingereza ya miaka ya 1950 mpaka 1970 yanatumia vipimo vya inchi. Mwaka 1948 Uingereza, Marekani na Kanada zilikubaliana kuwa na mfumo mmoja wa hesi, na ule wa hesi nyembamba unaitwa UNF. Boliti za kiti changu nilizipima zikawa za inchi 5/16, UNF. Hiyo ni milimita 7.94. Sasa dukani leo kitu unachokikuta kila mahali ni M8, yaani milimita 8. Ukiziweka pamoja mkononi huoni tofauti. Lakini 5/16 UNF ina nyuzi 24 kwa kila inchi, kila uzi uko umbali wa milimita 1.06 kutoka mwenzake, na M8 ya kawaida ina milimita 1.25. Ukiichukua M8 ukaiingiza kwenye nati ya 5/16 itaingia mzunguko mmoja au mmoja na nusu, halafu inakuwa ngumu. Asiyejua anafikiri ni kutu, anakaza. Anachofanya ni kukata hesi za nati yote. Boliti inafika mwisho, anafuta mikono, anaondoka.

Mzee alikuwa na kipimo kidogo cha hesi, kile chenye majani membamba ya meno kama kitana. Aliliweka jani la nyuzi 24 kwenye boliti ya mbele likakaa bila kuonyesha mwanga. Akaliweka kwenye ile ya nyuma kulia, likapanda juu ya meno. Ilikuwa M8. Kwa hiyo hadithi ikawa wazi. Kuna mtu miaka ya nyuma aliua hesi kwa boliti isiyo yake, na gereji yangu ikaja kufukia kaburi.

Kama una gari la Kifaransa, Kijerumani au la Kijapani, hili la inchi kwa kawaida halikuhusu, magari hayo ni ya milimita. Lakini pima tu. Gari la miaka 50 limepita kwenye mikono mingi.

Tulianza na tundu la kulia. Kazi ya kwanza ilikuwa kujua kama bado kuna hesi yoyote. Tulitoa ile gundi kwa ncha ya bisibisi na brashi ya waya, tukapuliza hewa, tukamulika. Mahali ambapo hesi zimechafuka tu au zimeumia mwanzoni, dawa ni rahisi: unachukua kifaa cha kukatia hesi, mafundi wanakiita tapu, cha kipimo kile kile, unatia mafuta, unakiingiza kwa mkono. Mzunguko nusu mbele, robo nyuma ili chuma kilichokatwa kivunjike. Ukisikia kimebana usilazimishe. Tapu ni chuma kigumu lakini ni kama glasi, kikivunjikia ndani ya nati umejiongezea balaa kubwa kuliko la mwanzo.

Kwangu haikuwa hivyo. Ndani mlikuwa laini kama bomba.

Ikifika hapo watu wanakupa ushauri mwingi, na mimi niliukusanya wote. Wa kwanza ni kutoboa tundu kubwa zaidi na kukata hesi za boliti ya inchi 3/8. Inawezekana mahali penye chuma kinene. Lakini nati ya kawaida ya 5/16 ina upana wa nusu inchi tu kutoka ubavu hadi ubavu. Ukitoboa kwa ajili ya 3/8 unabakiwa na ukuta wa kama milimita 1.6 kila upande, na chuma chenyewe kimeshaliwa na kutu. Halafu itabidi upanue na tundu la reli ya kiti. Mimi sikuipenda.

Wa pili ni ule waya uliosokotwa kama springi, unaojulikana kwa jina la Helicoil. Unatoboa hesi zilizokufa, unakata hesi mpya kubwa kidogo kwa tapu yake maalum, unausokota ule waya ndani, na ndani ya waya kuna hesi za kipimo cha zamani. Boliti ile ile ya mwanzo inarudi. Hii ni kazi safi na ina nguvu kweli, wenye injini za aluminiamu wanaijua. Ila inahitaji unene wa chuma unaokaribia upana wa boliti, hapa kama milimita 8. Nati nzima inakaribia kutosha. Sakafu ya bati la milimita moja na kitu haitoshi kabisa. Na nati iwe haichezi. Kama inazunguka, huwezi hata kuitoboa.

Wa tatu ni nati ya kuminya, ile inayoingizwa kwenye bati kama ribiti na kutanuka kwa nyuma. Inaingia dakika mbili, inapendeza machoni. Hii naomba tusikilizane: kwa kufungia urembo, redio au kifuniko, sawa. Kwa kiti, kwenye bati jembamba la miaka 50, hapana. Ikianza kuzunguka umerudi ulipotoka, na safari hii tundu limekuwa kubwa zaidi.

Kwa nini nakuwa mkali? Tufanye hesabu. Kiwango cha usalama cha Marekani kinachohusu viti, FMVSS 207, kinataka kiti na vifungo vyake vistahimili nguvu mara 20 ya uzito wa kiti. Kiti cha kilo 15 ni sawa na kuning'iniza kilo 300, na hapo hatujamhesabu aliyekikalia. Ukigongwa kwa nyuma, mwili wako wote unasukuma mgongo wa kiti, na boliti za mbele zinavutwa juu. Ukifunga breki au ukigonga, za nyuma ndizo zinazovutwa. Kila moja ina zamu yake. Na kwenye gari langu mkanda umefungwa kwenye bodi, ndiyo maana nilidakwa. Kuna magari ambayo kitasa cha mkanda kiko kwenye kiti chenyewe. Huko kiti kikiondoka, mkanda nao umeondoka.

Mzee alisema tuchomelee nati mpya. Hakukuwa na ubishi.

Nitaeleza tulivyofanya, ila kama hujawahi kuchomelea usijifunzie hapa. Mlipe fundi, simama uangalie, umwombe akuonyeshe nati kabla hajaifunika. Ndilo kosa langu la mwanzo, sikuomba kuonyeshwa chochote.

Tulitoa viti vyote na mazulia. Tulitoa waya wa betri. Mzee akaingia chini kwanza kutazama bomba la petroli na la breki linapita wapi, kwa sababu kuna watu wamechoma magari yao kwa kusahau kuwa upande wa pili wa bati kuna kitu. Ile lami nyeusi ya kuzuia kelele iliyobandikwa sakafuni tuliikwangua pande zote za tundu, maana inashika moto na moshi wake ni mbaya. Ndoo ya maji, kitambaa kibichi, mtungi wa kuzimia moto. Mwanangu wa kiume alipewa kazi ya kukaa upande wa pili kuangalia kama kuna mwali. Akaichukulia kazi hiyo kwa uzito wa askari.

Nati za nyuma kwenye gari letu zilikuwa zinafikika kwa chini, tukashukuru. Ile inayozunguka tuliikata kwa tindo. Zikiwa ndani ya boksi lililozibwa inabidi ukate dirisha dogo kwenye boksi, ufanye kazi, ulirudishe bati lako na kulichomelea. Si jambo la kuogopa, ila ni kazi ya siku nyingine.

Hatukuchomelea nati moja kwa moja kwenye sakafu. Bati lililozunguka matundu lilikuwa limekonda, ukiligonga kwa mpini wa bisibisi linalia tofauti. Tulikata vipande viwili vya chuma cha milimita 3, kila kimoja kama ukubwa wa kiganja cha mtoto, tukavitoboa katikati, tukachomelea nati mpya za 5/16 UNF kwenye vipande hivyo mezani. Hapo mzigo hauvutwi na duara dogo la bati bovu, unagawanyika mpaka kwenye bati zima. Nati ziwe za chuma kitupu. Zile zinazong'aa zimepakwa zinki, na zinki ikiungua inatoa moshi mweupe unaompa mtu homa usiku mzima. Mzee alinisimulia kijana wao mmoja bandarini aliyelala siku mbili kwa hilo.

Sehemu iliyotuchukua muda si kuchomelea. Ni kupima. Tulifunga reli ya kiti kwenye boliti za mbele, tukapitisha boliti za nyuma kwenye reli, kwenye sakafu, na kuzikaza ndani ya vile vipande kwa chini. Yaani reli yenyewe ndiyo ikawa kipimo. Halafu tukashikiza kila kipande kwa nukta mbili za moto tu, tukatoa kila kitu, tukaweka kiti tena, tukakisukuma mbele na nyuma. Kilikwama nusu njia. Kipande cha kushoto kilikuwa kimehama kama milimita mbili, reli zikawa hazilingani. Tukakata zile nukta, tukarudia. Mara ya pili kikateleza mwanzo hadi mwisho, ndipo mzee akachomelea kuzunguka, kidogo kidogo, huku na kule, bati lisipinde kwa joto. Muda wote huo mlikuwa na boliti ya zamani ndani ya nati ili cheche zisiingie kwenye hesi.

Baada ya kupoa tulipitisha tapu, tukapaka rangi ya kuzuia kutu pande zote mbili, na kwa chini tukaziba maungio.

Boliti nilinunua mpya zote nne. Nilitaka za chuma kisichoshika kutu, zinapendeza, mzee akakataa. Zile za kawaida za dukani zina nguvu pungufu ya boliti ya daraja la 8.8, na zina tabia ya kung'ang'ania kwenye nati na kula hesi, yaani ugonjwa ule ule. Kwa boliti za inchi tafuta kichwa chenye mistari mitatu, ndiyo daraja la 5 la Kimarekani, inakaribiana na 8.8. Kichwa kisicho na alama yoyote kiache kwenye rafu. Tukaweka washa pana, grisi kidogo kwenye hesi, tukaanza kila boliti kwa vidole mpaka mizunguko mitano au sita kabla ya kugusa spana. Ikigoma kwa vidole, itoe uanze upya. Zote nne zikiwa zimeingia ndipo unakaza, kwa spana ya kipimo, kama nyutonimita 20 hadi 25 kwa ukubwa huu, isipokuwa kitabu cha gari lako kinasema vingine.

Gharama: nati, boliti, chuma na rangi havikufika paundi 25. Mzee alikataa pesa. Alikubali sahani ya biriani, na baadaye nyingine ya kupeleka nyumbani.

Kabla hajaondoka alikaa kwenye kiti, akashika usukani, akajisukuma nyuma kwa nguvu za miguu yote miwili. Kisha akamwita binti yangu, akamwambia ashike mgongo wa kiti kwa nyuma avute anavyoweza. Mtoto akavuta mpaka uso ukaiva.

"Kimesogea?" mzee akamuuliza.

"Hakijasogea, babu."

"Haya. Sasa mwambie babako afunue zulia la upande wa pili."

Nikafunua. Boliti ya nyuma ya kiti cha abiria ilikuwa na unga wa kijivu.